Vishimo Sita vya Uwanja wa Mkeka

Ukitoka stendi ya Babati kuelekea Nakwa, ukishapita mashine ya kwanza ya kusaga, upande wa kushoto kuna kiwanja kipana ambacho watu wamekipita miaka nenda rudi bila kukigeuzia shingo. Wanakiita Uwanja wa Mkeka. Kwa nini mkeka, wengi hawajui. Anayejua ni Mzee Wilbroad Tluway, na kwa sababu hiyo tu, mwaka juzi alipewa chumba.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kitanda kikishaingia, mwenye kitanda anaingia kwa ubavu. Lakini kina mlango wa bati, kina komeo na kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo Mzee Wilbroad anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ana miaka sabini na mitatu. Amekata mkonge Korogwe, amechekecha udongo Mererani, amechoma mkaa Singida, amebeba magunia Kigoma, na kote huko alilala palipopatikana. Aliporudi Babati alilala stoo ya mtoto wa dada yake huko Singe, kati ya plau na magunia ya mbolea. Mke wa huyo mtoto, Ritha, alimsalimia vizuri kila asubuhi, kisha akamwuliza, "Mjomba, leo unaelekea wapi?" Mtu akikuuliza hivyo kila siku, ujue kuna kitu anakuambia.

Kilichomtoa stoo ni barua. Zamani, kabla Azimio la Arusha halijatangazwa na miaka miwili baada yake, Babati kulikuwa na mwenye duka aliyeitwa Karsan. Mjukuu wake, ambaye sasa anaishi ng'ambo, aliandika kwamba babu yake alicheza kriketi Babati, kwamba uwanja bado upo, na kwamba familia ingependa kusaidia utunzwe ili wageni waje kuuona. Ndani ya bahasha alitia picha moja. Wanaume kumi na mmoja wamevaa nguo nyeupe, nyuma yao mti wa mkaratusi, na nyuma ya mti Mlima Kwaraa kama ulivyo hadi leo.

Ikaundwa kamati ya uwanja. Mwenyekiti alikuwa Emanuel, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na katibu alikuwa Kindness, mwalimu wa historia, binti mdogo mwenye daftari kubwa. Kindness alizunguka Babati mwezi mzima, kuanzia Sigino hadi Nakwa, akitafuta mtu aliyeiona hiyo kriketi kwa macho yake. Waliobaki walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amepoteza kumbukumbu, wa pili alikuwa Wilbroad.

"Nilikuwa natandika mkeka," alimwambia. "Mimi na wenzangu watano. Jumamosi tunavuta rola, Jumapili tunatandika."

"Mkeka gani, babu?"

"Wa makumbi ya nazi. Ulikuja na lori kutoka Tanga. Mzito, mama, ukilowa mvua hata ng'ombe angelia. Mpira wao haudundi vizuri kwenye majani, kwa hiyo katikati ya uwanja walitengeneza ukanda mwembamba wa udongo wa kichuguu. Tuliusaga, tukaumwagilia, tukaushindilia mpaka ukawa sakafu. Juu yake ndiyo tunatandika mkeka. Huyu anarusha mpira kutoka huku, yule anasimama kule na gongo lake bapa, na nyuma yake kuna vijiti vitatu. Mpira ukiviangusha vijiti, mwenye gongo atoke. Ndiyo mchezo huo. Wanaweza kuucheza kutwa nzima, wakala na chakula katikati."

Kindness aliandika kurasa saba. Kamati ikamfanya Mzee Wilbroad kuwa mwongozaji wa wageni, ikampa kofia ya kaki, kitambulisho cha kuning'iniza kifuani, na kile chumba kilicho ukingoni mwa uwanja. Wakamwuliza ule ukanda ulikuwa wapi hasa. Akaitazama picha, akautazama mkaratusi mkubwa ulio upande wa mashariki wa uwanja, akatembea hatua kumi mbele ya mti, akapiga kisigino chini.

"Hapa."

Wakapanga mawe, wakayapaka chokaa, wakazungushia mnyororo. Tangu siku hiyo kila mgeni anapelekwa hapo, chini ya mkaratusi, na Mzee Wilbroad anavua kofia kabla ya kuanza kusema. Wanafunzi wamekuja, mapadri wamekuja, hata Wazungu wawili waliokuwa wanakwenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni walisimama wakapiga picha mawe yale.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa. Huyo ni Marietha, mjane wa Nakwa, ambaye kila mtu anamwita Mama Devotha. Upande wa magharibi wa uwanja, karibu na barabara, kuna kipande cha ardhi kigumu kama saruji, kirefu, chembamba, ambapo yeye na wanawake wenzake wamepura maharage tangu akiwa bibi harusi. Ni sakafu ya kurithi. Mama mkwe wake alipuria hapo, akamwachia.

"Wilbroad," alimwambia siku ile mawe yalipopakwa chokaa, "huo mti unaousujudia nimeuona ukipandwa. Marehemu mume wangu ndiye aliyeupanda, mwaka aliozaliwa Devotha."

"Wewe Mama Devotha, picha unaiona? Mti uko kwenye picha!"

"Kwani Babati ilikuwa na mkaratusi mmoja? Mwingine ulikuwepo huku kwetu, ukakatwa ukaenda kuezeka kanisa."

"Wewe umeolewa hapa mwaka gani?"

"Sabini na saba."

"Basi. Mimi nilitandika mkeka sitini na sita. Mambo ya kriketi niachie, mambo ya maharage nakuachia."

Wanawake walicheka, naye akaona ameshinda. Mama Devotha alichukua ungo wake akaendelea kupepeta, na upepo ukapeleka makapi yote kwenye kofia mpya ya mwongozaji.

Mwaka uliofuata fedha za familia ya Karsan zikafika, na kamati ikapanga huduma za wageni. Banda la mapumziko lenye mabenchi. Simtenki ya maji. Maegesho ya magari matano. Chumba cha kumbukumbu, ambamo ile rola ya zege imeshaingizwa, pamoja na gongo moja lililoliwa na mchwa upande. Na matundu manne ya choo, mawili ya wanawake, moja la wanaume, moja la wenye ulemavu lenye mlango mpana na njia ya kupitisha kiti cha magurudumu. Fundi Jovin alizunguka uwanja na mtaimbo wake akidunga hapa na pale, akafika kwenye sakafu ya kupuria, akadunga, mtaimbo ukaruka.

"Choo ni hapa," alisema. "Udongo huu shimo lake halititii hata miaka hamsini. Na gari la kunyonya linafika bila kukanyaga uwanja."

Kamati ikakubali. Mwezi wa sita wanawake wakaambiwa wapure kwa mara ya mwisho, wasisumbuke tena kusiriba sakafu kwa samadi, maana hapo patajengwa. Mama Devotha alikwenda kwa mwenyekiti mara mbili. Mara ya kwanza akaambiwa ukumbi wa kata una sementi nzuri, akapure huko. Mara ya pili akaambiwa mwenyekiti amesafiri, na huku anamwona dirishani anakunywa chai.

Basi wakapura kwa mara ya mwisho, wakaondoka.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya mwisho ya Novemba, siku nne mfululizo. Siku ya tano jua likatoka. Ilikuwa Jumatano. Fundi Jovin alikuwa ameshafunga kamba na vigingi vya vipimo, na kesho yake, Alhamisi, vijana wake wangeanza kuchimba. Mzee Wilbroad alitoka chumbani na mswaki mdomoni, akaenda kuangalia kama vigingi havijang'olewa na mbuzi.

Uwanja mzima ulikuwa umeanza kuota majani, lakini ile sakafu ilibaki tupu kama kichwa cha mwenye kipara. Hakuna kinachoota hapo. Ndiyo maana aliona haraka. Pembeni kidogo ya kamba ya Jovin, upande wa barabara, palikuwa na miche mitatu ya maharage. Midogo, majani mawili mawili, shingo bado zimepinda. Imepangana mstari mmoja, kama imewekwa na mtu.

Akaipita. Kisha akarudi.

Akachuchumaa, magoti yakalia, akatandaza mkono. Kidole gumba kikagusa mche wa kwanza, kidole kidogo kikagusa mche wa tatu, na wa pili ukakaa katikati. Shubiri moja.

Akatoa mswaki mdomoni.

Kwa miaka karibu sitini hakuwa amekumbuka jambo hili, na sasa lilimjia na harufu yake. Karsan, akiwa amekunja suruali, anawaonyesha upana wa vijiti kwa mkono wake. "Shubiri, vijana, shubiri moja tu!" Udongo wa kichuguu ulikuwa mgumu mno, vijiti havisimami, kwa hiyo fundi wake alikata vipande vya bomba la chuma, vifupi, akavigongelea chini, vitatu huku na vitatu kule, midomo yake ikalingana na sakafu. Kijiti unakitumbukiza ndani ya bomba, kinasimama.

Mzee Wilbroad alisimama akageukia upande wa pili. Akaanza kutembea. Hakuhesabu, kwa sababu miguu yake yenyewe iliijua ile safari, ni urefu wa mkeka, ameukunjua mara ngapi. Alipoona amefika, akatazama chini. Miche miwili, na pembeni yake, ndani ya shubiri ile ile, wa tatu ulikuwa ndiyo kwanza unapasua.

Aling'oa mmoja. Ukatoka na mizizi yake mirefu, myembamba, imenyooka kama uzi, haikuwa na pa kutanukia. Akaingiza kidole shimoni. Chuma. Kutu na chuma.

Akakaa chini hapo hapo kwenye unyevu.

Mtu aliyezunguka nchi hii kwa miguu na kwa malori anajifunza kupiga hesabu haraka, na hesabu yake ilikuwa hii. Ukanda uko hapa. Kule kwenye mkaratusi ni mawe na chokaa tu. Mwaka mzima amewavulia watu kofia mahali ambapo hakuna kitu. Akisema, kamati itamwuliza ni mwongozaji gani asiyejua anachoongoza, na chumba ni cha mwongozaji. Asiposema, kesho saa mbili Jovin atachimba, na Ijumaa hakutakuwa na bomba wala maharage, na hakuna mtu mwingine chini ya jua anayejua vishimo hivyo ni vya nini.

Akaushika ufunguo shingoni. Kisha akang'oa mche wa pili, na wa tatu, akarudi kung'oa na ile mitatu ya kwanza.

"Maharage yangu yamekukosea nini, Wilbroad?"

Mama Devotha alikuwa amesimama barabarani, jembe begani, anatoka shamba.

"Sikujua ni yako," alisema. "Nasafisha. Kesho fundi anaanza."

"Si yangu ni ya nani? Yameota humo kwa sababu yenu." Akashuka uwanjani, akavua ndala ili asiharibu sakafu, ingawa ilikuwa imeshahukumiwa. "Hii sakafu ina vishimo. Vitatu huku, vitatu kule. Mama mkwe alinionyesha siku ya kwanza kabisa. Kila mwaka kabla ya kupura tunachanganya samadi na majivu, tunaziba vishimo kwanza, halafu ndiyo tunasiriba sakafu yote. Usipoziba, maharage yanatumbukia humo, huyapati. Mwaka huu mlisema tusisiribe. Haya, mmeona. Yametumbukia, mvua imekuja, yameota."

"Hamkuwahi kujiuliza ni vishimo vya nini?"

"Nani ana muda? Mama mkwe alisema labda Wahindi walikuwa wanafunga farasi."

Mzee Wilbroad alicheka bila kutaka. "Farasi watatu kwenye shubiri moja?"

"Kwani mimi nimewahi kufuga farasi?" Akamtazama vizuri. "Wewe una nini? Uso umekuwa kama umeona nyoka."

"Magoti tu. Baridi."

"Nenda kachemshe chai. Na hiyo miche nipe nikawape mbuzi, usinitupie."

Akampa. Vidole vyake vilikuwa na kutu, akavipangusa kwenye suruali, na siku hiyo yote hakuna mtu aliyemwona nje.

Alhamisi asubuhi Jovin alikuja na vijana wawili, sururu, mitaimbo na redio. Mzee Wilbroad alivaa kofia yake akasimama mlangoni kwake. Aliamua kutosema. Alishaamua tangu jana jioni, na tangu asubuhi alikuwa ameamua tena mara tatu, jambo ambalo mtu aliyeamua kweli hahitaji kufanya.

Kindness naye akafika na bodaboda, daftari kifuani, furaha usoni.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba mwalimu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Babu, maandishi ya kibao yako tayari, leo yanakwenda kwa mchongaji. Ni kwenye jiwe, siyo rangi, hayafutiki. Nataka nikusomee kwanza, halafu uniwekee sahihi hapa kwamba umehakikisha." Akafungua daftari, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa. "'Uwanja wa Mkeka. Mahali hapa wakazi wa Babati walicheza na kutazama kriketi hadi mwaka elfu moja mia tisa sitini na tisa. Ukanda wa asili wa kuchezea, uliotengenezwa kwa udongo wa kichuguu, umehifadhiwa mbele ya mkaratusi huu. Kwa ushuhuda wa Wilbroad Tluway, mtandika mkeka.'"

Akatabasamu. "Jina lako, babu. Hata sisi tukifa litakuwepo."

Mzee Wilbroad aliichukua kalamu. Katika maisha yake yote jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za vibarua, na karatasi hizo zilikwenda na wenye kazi zao. Huko kwenye mkonge waliliandika vibaya, Mererani hawakuliandika kabisa. Akaitazama nafasi aliyoachiwa, mstari mfupi wenye vidoti.

Kule barabarani Jovin alisema, "Haya, twende kazi," na kijana mmoja akainua mtaimbo akaushusha. Ulitoa mlio. Siyo kishindo cha udongo, mlio, kama kengele ndogo iliyofunikwa na nguo.

"Duh!" kijana alisema. "Fundi, kuna chuma humu."

"Piga pembeni."

"Waambie waache," Mzee Wilbroad alisema.

"Nini, babu?"

"Waambie waache kwanza! Jovin! Acha!" Na mzee mzima akakimbia, kofia ikaanguka, Kindness akaiokota akimfuata. Alipofika alisimama katikati ya kamba za vipimo akahema mpaka Jovin akazima redio.

"Ni hapa," alisema. "Ukanda wenyewe ni huu. Kule kwenye mti sio."

Jovin alimtazama, akamtazama mwalimu. "Mzee, umeamka na homa?"

"Nipe panga."

Alikata tawi kwenye ua wa jirani, akalichonga vijiti sita huku wote wanamwangalia. Akaondoa udongo kwa ukucha kwenye kishimo cha kwanza, akatumbukiza kijiti. Kikasimama. Cha pili kikasimama. Cha tatu kilikuwa kinene, akakichonga tena, kikaingia. Akatembea mpaka upande wa pili akafanya hivyo hivyo. Vijiti vitatu huku, vijiti vitatu kule, na katikati yake sakafu iliyopurwa maharage kwa zaidi ya miaka hamsini, inang'aa kwa unyevu.

Kindness alitoa simu, akatafuta kitu, kisha akamwomba Jovin futikamba. Jovin akashika mwanzo, yeye akavuta mpaka mwisho, akachuchumaa.

"Mita ishirini na sentimita kumi na mbili," alisema. Akatazama simu. Akatazama tena futikamba. "Sheria yao inasema yadi ishirini na mbili. Ni mita ishirini na sentimita kumi na mbili."

"Balaa," alisema Jovin, na akaweka mtaimbo chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa bunduki ina risasi.

Mwenyekiti Emanuel aliitwa. Alikuja na pikipiki, nyuma yake wajumbe wawili, na kabla hawajashuka watu wa Nakwa walikuwa wameshajaa barabarani, maana vijiti sita vimesimama uwanjani na mwalimu amepiga magoti kwenye tope. Mama Devotha alikuwa mbele yao.

Emanuel alivitazama vijiti, akautazama mkaratusi, mawe meupe na mnyororo wake, ambao aliutoa dukani kwake mwenyewe.

"Mzee Wilbroad. Kwa hiyo umetudanganya mwaka mzima."

"Sikudanganya. Nilikosea. Mti ulinipoteza."

"Umegundua lini?"

Hapo angeweza kusema asubuhi hii, na kila mtu angekubali. Kindness alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kumkubalia.

"Jana asubuhi," alisema. "Tangu jana ndiyo nimedanganya. Nilimwona Mama Devotha hapa, akanieleza vishimo, nikamwambia ni magoti."

"Na miche yangu ukaing'oa," Mama Devotha alisema.

"Nikaing'oa."

Emanuel alivuta pumzi ndefu.

"Yaani nusura tuchimbe choo juu ya kitu chenyewe ambacho wageni wanakuja kukiona. Barua imeshakwenda kwa familia ya Karsan, picha za mawe zimeshakwenda. Mimi nitaandika nini sasa? Mzee, kitambulisho."

Mzee Wilbroad alikivua. Alisita kidogo, kisha akatoa na ufunguo shingoni, akauweka juu ya kitambulisho, akavinyoosha pamoja. Hakuna aliyekuwa amemwomba ufunguo, lakini alijua kanuni. Kazi ikiisha, unaondoka na blanketi lako.

"Mwenyekiti," Mama Devotha alisema, "kabla hujampokea, niulize. Hii sakafu sasa itakuwaje?"

"Itahifadhiwa. Tutazungushia mnyororo."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Mnyororo utaziba nyufa?" Akaingia uwanjani, akawageukia wote, mikono kiunoni. "Nyie mnadhani imekaa miaka yote hii kwa sababu gani? Kwa ajili ya historia? Imekaa kwa sababu tunaisiriba. Usipoisiriba msimu mmoja inapasuka, misimu miwili mchwa wanaichukua, maana udongo ni wao. Sisi wanawake wa Nakwa ndio tulioitunza hiyo kriketi, na hatukujua hata ni mdudu gani. Mkizuia kupura, nani atasiriba? Wewe?"

Watu wakacheka. Huku kwetu mwanaume haendi kwenye samadi kwa mikono. Atajenga ukuta, ataezeka, lakini kusiriba sakafu ni kazi ya mke, na asiye na mke hukaa kwenye vumbi lake.

"Sasa unataka nini, mama?" Emanuel aliuliza.

"Tunapura mwezi wa saba kama zamani. Wageni wakija wakati huo watukute tunapura, watajua sakafu ni ya nini. Miezi mingine mjiongoze wenyewe. Na mtafute mtu wa kusiriba kila wiki, maana wageni wana viatu vigumu."

"Mtu yupi? Mwanamke yupi atakuja kila wiki bila—"

"Mimi nitasiriba," alisema Mzee Wilbroad.

Jovin ndiye aliyeanza kucheka, kisha vijana wake, kisha barabara nzima. "Mzee! Kwa samadi? Kwa mikono hiyo hiyo ya kulia ugali?"

"Kwani hiyo mikono imefanya kazi gani safi?" Hakuwa anatania. "Udongo huu niliusaga mimi. Mama Devotha anifundishe mkono wa kusiriba, mengine nitajua. Sihitaji kofia."

Emanuel aliangalia kitambulisho na ufunguo alivyonyoshewa. Yeye ni mtu wa biashara, anajua bidhaa isiyo na mnunuzi mwingine. Akachukua kitambulisho. Ufunguo akauacha.

"Mwalimu, andika. Mtunza sakafu. Chumba ni cha mtunza sakafu. Na choo, Jovin, kakichimbe kule kwenye mkaratusi."

"Kule udongo unatitia, mwenyekiti."

"Jengea tofali. Mawe ya chokaa unayo."

Kibao kilichelewa miezi miwili. Sasa kimesimama karibu na barabara, na maneno yake ni mengine. Kinasema ukanda ulitengenezwa na vibarua wa Karsan na ukatunzwa na wapuraji wa Nakwa, na hakina jina la mtu hata mmoja, kwa sababu Mama Devotha alisema wakianza kuandika majina watahitaji jiwe refu kuliko sakafu. Vyoo viko chini ya mkaratusi, matundu manne, vina maji. Banda lina mabenchi. Magari matano yanaenea, la sita linaziba njia ya mashine ya kusaga.

Kofia ya kaki anaivaa Mama Devotha siku za wageni. Hakuiomba. Kamati ilimfuata kwa sababu wageni walikuwa wanampita mwongozaji mpya na kwenda kumwuliza yeye. Jumamosi moja lilikuja darasa zima, nao wakamkuta Mzee Wilbroad amepiga magoti pembeni ya sakafu, ndoo ya samadi na majivu kando yake, suruali imekunjwa. Wanafunzi wa kiume walisukumana wakicheka. Hakuwajali, alishazoea. Alikuwa anapitisha kiganja kwa mzunguko, kutoka ndani kwenda nje.

"Usibonyeze," Mama Devotha alimwambia akipita. "Papasa. Siyo kwamba unaua mende."

"Napapasa."

"Unabonyeza." Akawageukia wanafunzi. "Haya, njooni huku, msikanyage. Hapa walisimika vijiti vitatu, na kule vitatu. Mwenye mpira anakuja mbio kutoka barabarani, anarusha, mwenye gongo anauzuia usiviangushe vijiti. Sisi baadaye tukapura maharage hapa hapa. Maswali?"

Msichana mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Shikamoo bibi. Huo mpira ulikuwa na rangi gani?"

Mama Devotha alifikiri kidogo. Kisha akaita bila kugeuka, "Wilbroad! Mpira wao ulikuwa na rangi gani?"

"Mwekundu," alisema Mzee Wilbroad, na akachovya mkono kwenye ndoo.